Namna ya Kuandaa Matembezi ya Wanaume wa Parokia Bila Kumwacha Mwenzenu Nyumbani

Katika parokia nyingi za Dar es Salaam, wanaume wa UWAKA, yaani umoja wa wanaume Wakatoliki, hukutana zaidi kwa mambo ya lazima: msiba, harambee ya ujenzi, maandalizi ya sikukuu ya somo wa parokia, au kikao cha kusomewa mapato na matumizi. Watu wanaobeba jeneza pamoja na kuchimba msingi wa ukumbi pamoja wanaweza kukaa miaka mingi bila kufahamu kwamba mmoja wao amepoteza kazi, au kwamba mwingine, tangu afiwe na mkewe, hana mtu wa kuzungumza naye jioni. Matembezi ya siku moja huweza kuleta ukaribu huo, lakini yasipopangwa kwa uangalifu hugeuka kuwa safari ya wenye uwezo, na aliyehitaji zaidi kukaa na wenzake ndiye anayetoa udhuru. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mahali ambapo kamati nyingi humalizia, yaani kwenye mfuko wa yule mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Fedha kwanza, mahali baadaye

Kawaida viongozi huchagua mahali, hujumlisha gharama, hugawa kwa idadi ya watu, kisha hutangaza kiwango. Asiyekuwa nacho hanyanyui mkono kusema. Hunyamaza tu, na siku ya safari hasikiki. Geuzeni utaratibu huo. Kwanza mwenyekiti na mweka hazina wakadirie kwa uaminifu kiasi ambacho dereva wa bodaboda, mlinzi au fundi anayelipwa kwa siku anaweza kukitoa bila kupunguza chakula cha nyumbani, halafu safari ipangwe kufuata kiasi hicho.

Tuchukue mfano wa wanaume 28 wanaoenea katika Coaster moja, na gharama zote zikiwa shilingi 840,000. Zikigawanywa sawasawa, kila mmoja anatoa 30,000. Lakini umoja ukiwa umetenga sehemu ya ada za mwezi kwa miezi kadhaa na kufikisha 280,000, zinabaki 560,000. Wanaume wanane wenye nafasi wakikubali kutoa 35,000 kila mmoja, wale 20 waliobaki watatoa 14,000 tu, na wanaweza kuzilipa kidogo kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo nawasihi viongozi walizingatie kuliko mengine yote katika mwongozo huu. Tumezoea kuweka katika kundi la WhatsApp orodha yenye majina na kiasi alichotoa kila mtu, na kila anayelipa huongezwa chini ya mwenzake. Utaratibu huo una faida yake katika rambirambi na harusi. Katika matembezi ya udugu unaumiza, kwa sababu kila asubuhi unamkumbusha asiyelipa kwamba wenzake wote wanamwona. Malipo yatumwe kwa mweka hazina kwa simu, naye atunze daftari kamili pamoja na mjumbe mmoja wa kumhakiki, na kundini itangazwe jumla peke yake: kiasi kilichopatikana, kiasi kilichotumika na kiasi kilichobaki. Kwa njia hiyo siri ya mtu inalindwa, na wakati huohuo hakuna fedha inayotumika gizani.

Siku na usafiri

Jumamosi asubuhi jumuiya nyingi husali, na baada ya hapo wafanyabiashara hufungua maduka yao. Jumapili ina misa na familia. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955, huangukia Mei Mosi, ambayo ni siku ya mapumziko na inafaa sana kwa maana yake, ila huja wakati wa masika na baadhi ya wanachama huwa kwenye maandamano ya wafanyakazi. Kwa maoni yangu Nanenane, tarehe 8 Agosti, ni bora zaidi, kwa kuwa ni majira ya kipupwe, barabara ni kavu na jua si kali. Epukeni Januari, mwezi wa ada za shule, na msiandae karamu ndani ya Kwaresima. Tarehe itangazwe miezi miwili kabla, ili mlinzi na dereva wa daladala wapate muda wa kubadilishana zamu na wenzao.

Mkataba wa gari uandikwe, hata kama mwenye gari ni muumini mwenzenu. Utaje ni nani anayelipia mafuta, gari litasubiri hadi saa ngapi, na dereva atakula nini. Kama ni gari la abiria lenye njia yake, mwenye gari apate kibali cha LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kabla ya siku ya safari, vinginevyo mtakaa kando ya barabara mkijieleza.

Mahali penye jambo la kutazama

Wanaume wengi huzungumza kwa urahisi zaidi wanapotembea bega kwa bega au wanapofanya kazi ya mikono kuliko wanapoketi kwa duara wakitazamana. Ndiyo maana sipendekezi ukumbi wa hoteli wala ufuko wa starehe peke yake. Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kutoka mjini, inafaa mno. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni huko mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwili wa David Livingstone, uliobebwa kutoka bara na msafara wa watumishi wake akina Chuma na Susi, ulifikishwa katika kanisa la misheni hiyo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Ipo makumbusho, na yapo makaburi ya wamisionari, wengi wao wakiwa wamefariki vijana. Mwanaume akisimama mbele ya kaburi la mtu aliyekufa akiwa na umri wa mwanawe, huwa na la kusema bila kuulizwa.

Kama mfuko ni mdogo, nendeni Pugu, ambako nauli ni ndogo na Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1888, ikashambuliwa Januari mwaka uliofuata wakati wa vita vya Abushiri. Popote mtakapokwenda, mwandikieni paroko au mhusika wa mahali hapo mapema, mkitaja idadi yenu na mambo mnayokusudia kufanya.

Mazungumzo yenyewe

Ratiba iwe nyepesi. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya foleni, fanyeni sala fupi ndani ya gari, kisha tembezweni na mwongozaji, na saa sita mchana msali Malaika wa Bwana. Hotuba zisiwepo, hata ya mwenyekiti. Badala yake gawanyikeni wawili wawili, kijana na mzee, watu wa jumuiya tofauti, mtembee kwa muda wa saa moja mkiwa na swali moja tu la kuanzia. Maswali mazuri ni yale yanayojibika kwa simulizi: baba yako alikufundisha kazi gani? Ni uamuzi gani wa nyumbani uliokugharimu usingizi? Swali la “imani yako ikoje?” huleta majibu ya kukariri.

Mkirejea, asilazimishwe mtu kueleza mbele ya wote aliyoyasikia, na ikubalike wazi kwamba maneno ya matembezini hayapelekwi kundini wala majumbani. Mlezi wa kiroho, akiwepo, apangiwe mwenza wa kutembea naye kama wengine.

Chakula mkipike wenyewe endapo wenyeji wataruhusu. Mbuzi, ugali na kachumbari vinahitaji mikono mingi, na kuzunguka jiko la mkaa kunawafungua hata wale wakimya. Wenye kisukari na shinikizo la damu watengewe mboga, matunda na maji ya kutosha. Na kama parokia ina zahanati, mwombeni muuguzi afuatane nanyi na kipimo cha presha, kwa kuwa wanaume wengi hawaendi kupima hadi waanguke. Suala la pombe liamuliwe katika kikao kabla ya safari, na ushauri wangu ni kuiacha kabisa, kwa ajili ya wenzetu wanaopambana kuiacha na ambao hawatalisema hilo hadharani. Atakayetaka kuogelea baharini aingie akiwa na mwenzake, baada ya kuwauliza wavuvi kuhusu maji kujaa na kupwa.

Baada ya kurudi

Ndani ya wiki moja mweka hazina atoe hesabu, na salio libaki katika mfuko wa safari inayofuata, lisihamishiwe kwenye ujenzi. Katibu aandike orodha ya waliojiandikisha wakashindwa kufika, pamoja na wale ambao hawakujiandikisha kabisa. Hao wagawiwe kwa waliosafiri, kila mmoja apate nyumba moja ya kutembelea. Aende bila daftari la michango, akae, azungumze, na asiondoke kabla ya kumuuliza mwenzake ni siku gani na kiwango gani vitamwezesha kuwa katika safari ijayo. Majibu hayo ndiyo yatakayokuwa ajenda ya kwanza ya kamati itakapokutana tena.