Jinsi ya kukadiria nguvu ya tonado kwa kusoma mabaki

Nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana mmoja anayeanza kazi ya kukadiria hasara hapa Dar. Aliniletea picha za nyumba iliyolala chini kule Mbagala baada ya upepo wa mvua, na kwenye fomu alishajaza kilomita 250 kwa saa. Nikamuuliza hiyo namba kaitoa wapi. "Kaka, si unaona nyumba yote imelala?" Ni kweli, imelala. Ila picha ileile ilionyesha tangi la plastiki la jirani likiwa juu ya mnara wake wa mbao, limetulia, na mfuniko wake. Upepo wa 250 usingeliacha pale.

Njia ninayoifuata ni ya kipimo cha EF (Enhanced Fujita, yaani Fujita kilichoboreshwa), chenye madaraja ya EF0 hadi EF5, kinachotumika Marekani tangu Februari 2007. Kimetokana na kile alichokitoa Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971. Wengi wetu hapa tutaitumia kwa pepo za masika zinazoezua mabati, lakini kazi ni ileile hata kwa tonado, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini, iliyofuta mtaa mzima. Kabla hujatoka ofisini elewa kitu kimoja: EF haipimi upepo, inasoma uharibifu halafu inarudi nyuma kukisia upepo. Tonado ya El Reno, Oklahoma, ya tarehe 31 Mei 2013 ilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 4, na rada za kwenye magari zilisoma upepo wa zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Daraja iliyopewa ni EF3. Ilipita mashambani, na majengo machache iliyoyagusa hayakutoa ushahidi wa zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Wahi

Bati lililoanguka Dar asubuhi, jioni limeshaezeka banda la mtu au liko kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nenda siku hiyohiyo au kesho yake. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akupe mtu wa kukutembeza, maana anayepiga picha nyumba za watu bila kutambulishwa atadhaniwa ni wa bomoabomoa. Waya wowote wa umeme ulio chini uhesabu una moto mpaka TANESCO wenyewe waseme umekatwa.

Hatua ya 2: Vifaa

Tepu ya kupimia, dira, daftari, penseli, simu iliyowashwa GPS. Penseli, si kalamu, kwa sababu baada ya upepo huwa kuna mvua. Droni naijua na ninaikubali kwa kuonyesha mkondo, yaani njia uliyopita upepo, kutoka juu, ila inataka kibali, na isitoshe haioni msumari. Utaona kwenye hatua ya 5 kwamba msumari ndio kila kitu.

Hatua ya 3: Chora mkondo

Usianze na nyumba iliyoharibika kuliko zote. Anzia pembeni, pale ambapo hakuna kilichoguswa, kata katikati mpaka utokee upande wa pili, kisha rudia mbele zaidi. Kila mti au fensi iliyolala, andika upande ilikoelekea kwa nyuzi za dira na uweke alama ya GPS. Mishale ikishakuwa mingi kwenye ramani, jibu linajitokeza lenyewe.

Kama mishale yote inaelekea upande mmoja, au inatawanyika kutoka sehemu moja kwenda nje, huo ni upepo ulioporomoka kutoka wingu la mvua. Kwa hapa kwetu ndilo jibu la kawaida. Kama mishale ya pande zote mbili inainamia katikati, kwenye ukanda mwembamba na mrefu, hapo unaweza kuanza kulitaja neno tonado. Katika nusu hii ya dunia nyingi huzunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo usinakili mchoro wa Marekani ukautegemea.

Miti inataka uangalifu. Jedwali la EF lina viashiria 28, yaani aina za vitu ambavyo uharibifu wake unasomwa, na viwili kati ya hivyo ni miti: yenye mbao ngumu na ya jamii ya misonobari. Mnazi haumo. Tumia mnazi kupata mwelekeo, usiutumie kupata kasi. Mwembe uliong'oka na mizizi kwenye udongo uliolowa mvua ya wiki nzima nao usikutishe. Udongo ndio ulioachia.

Hatua ya 4: Chagua jengo la kusoma

Kwa kila sehemu ya mkondo chagua jengo moja lenye uharibifu mkubwa kuliko mengine, na mawili ya jirani yake yaliyosalimika. Yaliyosalimika yana thamani ileile. Bila tangi la yule jirani nisingekuwa na la kumwambia kijana.

Hatua ya 5: Tafuta mahali jengo lilipoachia kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa.

Upepo ukivuta paa kwenda juu, nguvu inasafiri: kutoka kwenye bati kwenda msumari, papi (mbao zinazopigiliwa bati), kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), mbao ya juu ya ukuta, lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), tofali, hadi msingi. Jengo linaachia pale palipo dhaifu kuliko pengine pote, na kasi utakayoandika ni ile iliyotosha kuvunja hapo tu. Yaliyofuata baada ya hapo si ushahidi wa upepo mkubwa zaidi.

Angalia hesabu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaleta mgandamizo wa takriban kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 180, ni takriban kilo 156, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu nguvu inaongezeka mara nne. Paa letu la bati na mbao zake, bila dari, kwa kawaida halifiki hata kilo 25 kwa mita ya mraba. Maana yake uzito wa paa haulizuii chochote kwenye upepo mkali. Kinacholishikilia ni misumari na waya, basi.

Kwa hiyo inama. Okota bati na utazame matundu yake. Tundu likiwa limechanika na msumari umebaki kwenye papi, bati ndilo lililoshindwa. Ukikuta bati jembamba la geji 32, hiyo ni kasi ndogo. Msumari ukiwa umetoka na bati, umechomoka kwenye mbao: pima urefu wake, kisha tazama kama mbao imeliwa na mchwa. Papi zikiwa zimeondoka na mabati, tatizo ni msumari wa papi kwenye kenchi. Na kama paa zima limeondoka na kenchi zake likatua kwenye kiwanja cha pili likiwa bado lina umbo la paa, panda ngazi uangalie juu ya lenta.

Juu ya lenta unatafuta waya au kipande cha nondo kilichoachwa wakati wa kumwaga zege ili kifunge kenchi. Kikiwepo na kimekatika, na ncha yake imevutika na kuwa nyembamba, hapo upepo ulifanya kazi ya kweli. Ncha ikiwa na kutu mpaka ndani, kama nyingi za Kigamboni karibu na bahari, kilikuwa kimeshakufa kabla upepo haujaja. Kikiwa kimenyooka bila dalili ya kukunjwa, hakikufungwa kabisa. Na kama hakipo, kenchi zilikuwa zimewekwa tu juu ya ukuta na msumari mmoja wa pembeni. Usimuulize mwenye nyumba, atakwambia waya ulikuwepo. Usimuulize fundi kabisa.

Sasa kuhusu kuta, maana ndizo zinazotisha kwenye picha. Ukuta wa tofali za inchi 5 usio na nguzo wala nondo, paa likishaondoka, hauna kinachoushika juu. Unasimama kama kadi ya mwaliko iliyowekwa wima mezani. Unaangushwa na upepo mdogo sana kuliko ule unaodhani. Nyumba ya Mbagala ilikwenda hivyohivyo: baraza pana mbele, mlango ukafunguka, upepo ukaingia na kusukuma paa kwa ndani huku baraza likinyanyuliwa kwa nje, paa likatoka zima, kuta mbili zikafuata. Kwenye lenta hapakuwa na waya hata mmoja.

Marekani nako yametokea. Tonado ya La Plata, Maryland, ya Aprili 2002 ilipewa kwanza F5, daraja la juu kabisa la kipimo cha awali cha Fujita, kwa sababu nyumba zilifagiliwa mpaka msingi. Wahandisi walipozikagua wakakuta hazikuwa zimefungwa vizuri kwenye misingi yake. Ikashushwa hadi F4.

Piga picha kila kiungo ukiwa umeweka tepu pembeni. Picha ya nyumba nzima kwa mbali ni ya gazeti.

Hatua ya 6: Soma jedwali

Kila kiashiria kina ngazi za uharibifu, na kila ngazi ina kasi tatu: ya chini, inayotarajiwa na ya juu. Zote ni za mvumo wa sekunde 3, yaani wastani wa upepo ndani ya sekunde tatu. Kwa nyumba ya familia ya Kimarekani, kasi zinazotarajiwa ni hizi: kifuniko cha paa kuondoka chini ya asilimia 20, kilomita 127 kwa saa; sehemu kubwa za paa kung'oka huku kuta nyingi zimesimama, 196; kuta za nje kuanguka, 212; kuta zote kuanguka, 274; sakafu kubaki tupu imefagiliwa, 322.

Ukiona viungo vyote viko sawa, chukua inayotarajiwa. Vikiwa dhaifu, shuka kuelekea ya chini. Sakafu iliyofagiliwa inaanzia 266, ambayo ni kikomo cha juu cha EF3, na inafika 354, ambayo iko ndani ya EF5. Picha moja, madaraja matatu.

Tatizo ni kwamba jedwali hilo limetengenezwa kwa nyumba za fremu ya mbao, si tofali za saruji na bati. Kwa mitaa yetu mimi napendelea kipimo cha IF (Fujita cha kimataifa) kilichotolewa na maabara ya Ulaya ya dhoruba kali mwaka 2023, kwa sababu kinakulazimisha kuamua kwanza uimara wa jengo ndipo usome kasi. Ofisi ikitaka EF, jaza EF, lakini pita hatua ya 5 kwanza.

Hatua ya 7: Vilivyoruka

Vitu vizito vilivyosogezwa vinasaidia pale majengo yanapokosekana. Joplin, Missouri, Mei 2011, vizuizi vya zege vya maegesho viling'olewa na kurushwa. Enderlin, North Dakota, Juni 2025, mabehewa ya treni ndiyo yaliyoipandisha tonado hadi EF5, ya kwanza tangu ya Moore, Oklahoma, Mei 2013. Kwetu bajaji iliyopinduka haithibitishi kitu.

Hatua ya 8: Jaza fomu

Usiandike namba moja. Andika ya chini, ya juu, na kiungo kilichoachia, kisha ambatanisha picha tatu: kiungo chenyewe, jengo zima, na jirani aliyesalimika. Fomu ya Mbagala ilitoka na kilomita 90 hadi 120 kwa saa, upepo wa kushuka kutoka wingu la mvua, kenchi hazikufungwa kwenye lenta. Bosi wake aliuliza swali moja tu, kwamba tangi lile lilikuwa na maji au tupu. Kijana alikuwa ameshagonga ukutani mwa lile tangi kabla hajaondoka. Lilikuwa tupu.