Ukikodi gari Malta, usukani hautakusumbua

Kwa sisi tuliozoea kuendesha kushoto, Malta ni nafuu kubwa. Waingereza waliitawala mpaka 1964, na usukani umebaki kulia kama wetu. Hata kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia, vilevile kama nyumbani.

Shida ni barabara zenyewe: nyembamba, na kuta za mawe pembeni. Chukua gari dogo kabisa, hata kama mko wanne. Kabla ya kuondoka, piga video kila mkwaruzo, rimu na vioo vya pembeni, na kadi ya mkopo ya dhamana iwe na jina la dereva mwenyewe.

Maegesho: tafuta mistari myeupe. Ya kijani ni ya wakazi, usijaribu bahati. Valletta, mji mkuu, liache gari nje ya kuta za mji uingie kwa miguu, maana mji wenyewe ni mdogo.

Ukienda Gozo, kisiwa jirani, panda na gari kivukoni Ċirkewwa. Usishangae hawakudai nauli. Utailipa wakati wa kurudi. Ila muulize kwanza mwenye gari kama anaruhusu livuke.