Kutoa fanksheni za ndani kwenye msimbo wa C kwa Coccinelle

GCC inaruhusu fanksheni kuandikwa ndani ya fanksheni nyingine. Clang inakataa, na kiwango rasmi cha C hakina kitu hicho. Ukitaka msimbo ukubalike kote, zitoe nje. Sehemu ya kazi itafanywa na Coccinelle, zana inayobadili msimbo wa C kwa kufuata kiraka unachoandika.

1. Zitafute. Achana na grep, iulize kompaila:

```
gcc -Wpedantic -Wtrampolines -c panga.c
```

Onyo la `-Wpedantic` hutaja fanksheni zote za ndani. Anza na zile ambazo `-Wtrampolines` nayo inazilalamikia: anwani zake zimechukuliwa huku zikitumia vigeu vya fanksheni mama (ile iliyozibeba), kwa hiyo GCC huandika maelekezo ya mashine kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni), na steki nzima inalazimika kuwa ya kutekelezeka. Mdukuzi hahitaji zawadi kubwa zaidi.

2. Ihamishe kwa mkono. Hapa ndipo penye kazi. Tuseme `linganisha` ilikuwa ndani ya `panga`, ikisoma kigeu `kati`. Ipandishe juu ya faili, na `kati` ije kama parameta:

```
static int linganisha(const void *a, const void *b, void *m)
{
    int kati = *(int *)m;
    return abs(*(int *)a - kati) - abs(*(int *)b - kati);
}
```

Kama ya ndani inabadilisha kigeu, usikinakili hivi. Fanya kazi kupitia pointa, la sivyo fanksheni mama haitaona badiliko. Vigeu vikiwa vingi, vikusanye kwenye struct. Na ikiwa inaruka nje kwa `goto`, njia hii haifai: irudishe namba ya hali, mama aamue.

3. Sehemu zinazoiita `linganisha` ziachie `spatch`, amri ya Coccinelle. Andika kiraka, `badili.cocci`:

```
@@
expression t, n, s;
@@
- qsort(t, n, s, linganisha)
+ qsort_r(t, n, s, linganisha, &kati)
```

```
spatch --sp-file badili.cocci panga.c
```

Bila `--in-place` inaonyesha tofauti tu. Isome, kisha ndiyo uongeze `--in-place`. `qsort_r` ya glibc (maktaba ya C ya GNU) inadai `_GNU_SOURCE`. Angalia pia kwamba macOS hupanga parameta kwa mfuatano mwingine.

4. Hakiki.

```
readelf -lW programu | grep GNU_STACK
```

Unataka `RW`, yaani steki ya kusoma na kuandika tu. Ikibaki `RWE`, bado inatekelezeka: kuna fanksheni iliyosahaulika, au faili la asembli lisilo na `.note.GNU-stack`.