Ukiniambia tu "imegoma", sina pa kuanzia

Natengeneza programu ya kuweka mauzo ya maduka, na simu yangu imejaa ujumbe wa neno moja: "Imegoma." Wengine huongeza "tena" na alama tatu za mshangao. Hasira naielewa, wateja wamesimama mbele yako na simu imekugeuka. Ila ili nirekebishe hitilafu, lazima kwanza niifanye itokee kwenye simu yangu. Ikikataa kutokea kwangu, nabaki kubahatisha.

Mama mmoja muuza vitenge Kariakoo aliniandikia kwamba programu "inakula hela". Siku mbili nikakagua hesabu za jumla na za punguzo, sikuona kitu. Siku ya tatu nikamwomba arudie mauzo mamoja taratibu huku akiandika kila anachobonyeza. Akaleta hivi:

"Nimefungua Mauzo Mapya. Nimechagua kitenge. Kwenye bei nimeandika 12,500. Nimebonyeza Hifadhi. Nilitegemea nione 12,500, imeandika 12."

Kumbe ni ule mkato! Mimi kwenye majaribio naandika 12500 kavu; yeye anaandika kama kwenye daftari lake. Programu ilisoma tarakimu mpaka kwenye mkato, ikaishia hapo. Kurekebisha hakukuchukua hata nusu saa.

Basi andika kama yeye: ulianzia wapi, ulibonyeza nini, uliandika nini hasa (na mikato na nafasi zake), ulitegemea nini, kikatokea nini. Dhana yako kuhusu chanzo iweke mwisho. Mtu akianza na "seva yenu imezidiwa", nakimbilia kwenye seva, ile kompyuta yetu inayopokea mauzo yenu, kumbe simu yake imejaa picha.

Hilo neno "imegoma" nalo lina watoto wengi. Imeganda? Inazungusha tu? Imejifunga yenyewe? Au imekutoa nje na kudai nywila upya? Kila moja inanipeleka sehemu tofauti. Kukiwa na maandishi ya kosa, yanakili yalivyo hata kama ni Kiingereza, au piga picha ya skrini: simu nyingi za Android, bonyeza kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja. Usiikate juu, pale pana saa na alama ya mtandao. Ila ziba namba za wateja na salio lako. Namba ya siri usimtumie mtu, hata mimi.

Muda nao una kisa chake. Mteja alisema "ilitokea saa mbili". Asubuhi nzima kijana mgeni ofisini kwetu akapekua kumbukumbu za seva za 02:00, yaani saa nane usiku. Mteja alimaanisha saa mbili usiku, yaani 20:00, na kwa kuwa seva yetu inaandika saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, tukio lilikuwa limekaa kwenye 17:00. Taja siku, na useme ni asubuhi au usiku. Hesabu ya UTC niachie mimi.

Aina ya simu na toleo la Android utavipata kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Mstari mmoja unatosha.

Kabla ya kutuma, jaribu tena. Inatokea kila mara, au mara moja moja? Kwa bidhaa zote, au hiyo moja? Lakini nakuomba sana, usifute programu ukaipakua upya kabla hatujaongea. Mauzo ambayo hayajapanda kwenye seva yanakaa ndani ya simu yako. Ukifuta, yamekwenda, na ushahidi wangu umekwenda nayo.

Ujumbe wa sauti wa dakika nne nitausikiliza, ila siwezi kutafuta neno ndani yake. Na ukiwa na hitilafu mbili, tuma kila moja peke yake. Zikija pamoja nitarekebisha ya kwanza, nitasahau ya pili, na wiki ijayo utanikumbusha kwa neno lile lile.