Mkono usichoke porini: namna ya kuisawazisha mashine ya kutafutia dhahabu

Ukitembea na mashine kwenye mapori ya Chunya, saa tatu asubuhi bega la kulia linakuwa limeshaanza kuwaka. Wengi huona ndiyo kazi ilivyo, wakameza dawa za maumivu, wakaendelea. Mimi sikubali. Dhahabu ya Lupa, huku huku Chunya, imetafutwa tangu 1922, na vipande vikubwa vya juu juu vimeshaokotwa. Vilivyobaki vingi ni vidogo na mlio wake ni hafifu. Mkono ukichoka unainua koili, yaani ile duara ya mwisho wa fimbo inayonusa dhahabu ardhini, bila wewe kujua, na koili ikipanda sentimita tano tu, kipande kidogo unakiacha pale pale.

Utahitaji mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, futi ya kupimia, na mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki.

Hatua ya 1: Pima mzigo halisi

Mashine aina ya GPX 6000 ina kilo 2.1, aina ya GPZ 7000 ina kama kilo 3.3. Lakini uzito huo siyo unaoumiza. Kinachoumiza ni koili kuwa mbali na kiganja. Shika mshikio kama kawaida, ning'iniza koili kwenye mizani, soma. Tuseme imesoma gramu 700, na kutoka mshikio hadi katikati ya koili ni sentimita 80. Kiegemeo cha mkono kiko sentimita 30 nyuma ya mshikio. Ili koili isidondoke, mkono wako, sehemu ya chini ya kiwiko, lazima ugandamize kiegemeo kwa 700 × 80 ÷ 30, yaani karibu kilo 1.9. Kiganja nacho kinabeba mashine nzima pamoja na mgandamizo huo. Mashine ya kilo 2.1 imekuwa kilo 4, kutwa nzima. Andika hesabu ya mashine yako kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 2: Safisha koili

Vua kifuniko cha chini. Mara ya kwanza nilipokivua nilikuta udongo mwekundu umeganda humo kama tofali. Udongo huo uko mwisho kabisa wa fimbo, mahali ambapo kila gramu inavuta zaidi, tena mara nyingine unaleta milio ya uongo. Kifute kila jioni.

Hatua ya 3: Fupisha fimbo

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Vaa viatu vyako vya kazi, simama wima, acha bega lilegee na kiwiko kikunjike kidogo. Koili ielee sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, hatua fupi mbele ya vidole vya miguu. Ikigonga chini, fimbo ni ndefu mno. Ukilazimika kuinama, umepitiliza. Kwa mfano wetu, kupunguza sentimita 10 kunaondoa zaidi ya gramu 200 kwenye kiganja, na hujaongeza chochote.

Kisha sogeza kiegemeo nyuma mpaka kikae chini kidogo ya kiwiko, bila kukibana. Kaza mkanda wake. Waya wa koili uzungushe upya kwenye fimbo, kwa sababu ukilegea unaleta milio ya uongo kila unapopepea, yaani unapoipeleka koili kushoto na kulia.

Hatua ya 4: Usikimbilie kufunga uzito nyuma

Nimeona watu wakifunga risasi ya nyavu au betri kuukuu kwenye mkia wa fimbo. Mashine inatulia ukiishika, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Piga hesabu: gramu 300 ukizifunga sentimita 35 nyuma ya mshikio zinapunguza mgandamizo kwa gramu 350, lakini mashine imeongezeka gramu 300. Kiganja kimepata nafuu ya gramu 50 tu, na kila unapopepea unasukuma mzigo mpya. Kama betri ya mashine yako inaweza kuhamia kiunoni au mgongoni, ihamishe. Hilo lina faida ya kweli.

Hatua ya 5: Ning'iniza mashine begani

Hii ndiyo iliyoniokoa. Chukua begi la mgongoni lenye mkanda wa kifuani. Fundi cherehani ashone kitanzi imara kwenye kila mkanda wa bega, kulia na kushoto. Kata kulabu za chuma za ule mpira, funga ncha moja kwenye kitanzi cha upande wa mkono unaotumia. Sasa laza fimbo juu ya kidole kimoja, utafute mahali inapotulia pasipo kuinama mbele wala nyuma. Kwa kawaida ni mbele ya mshikio. Funga ncha ya pili hapo kwa kifungo cha plastiki.

Rekebisha urefu wa mpira mpaka ukiachia mshikio koili ibaki inaelea chini chini. Mpira mgumu sana unaivuta koili juu, nawe unaanza kuisukuma chini, ambako ni uchovu uleule kwa upande mwingine. Mlegevu sana haubebi kitu. Nusu saa ya kujaribu nyumbani inatosha.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mlio

Washa mashine, simu iweke mbali, kisha pepea ukiwa na begi na mpira. Ikilia bila sababu, vua kimoja kimoja: chuma cha kufungia mkanda, viatu vyenye chuma, panga kiunoni. Halafu fukia kipande kidogo cha risasi ya nyavu kwa kina unachokijua, ukipitie mwanzo wa siku na tena baada ya saa mbili za kazi. Mlio wa pili ukiwa dhaifu kuliko wa kwanza, mkono umeanza kupanda: rudi kwenye mpira, uulegeze au uukaze, kisha hamishia mpira kwenye kitanzi cha bega la pili uendelee na mkono mwingine.