Jinsi ya kuwauliza maoni wasomaji wa tovuti yako bila kuwakera (nilivyojifunza hapa Mwanza)

Mwangaluka wakuu. Nina katovuti kadogo ka bei za dagaa na sato pale Mwaloni Kirumba pamoja na ratiba za vivuko, wasomaji wangu wengi ni wachuuzi na watu wanaovuka kwenda Ukerewe au Sengerema, wanasoma kwenye simu wamesimama, jua la saa saba kichwani, bando lenyewe la kupima. Mwaka wa kwanza niliweka popapu. Ukifungua tu ukurasa, sekunde tatu hazijaisha, dirisha linafunika skrini nzima, maswali kumi na mbili, na kitufe cha kufunga kidogo kama punje ya ulezi. Majibu niliyopata mengi yalikuwa herufi zimebonyezwa hovyo, mengine matusi kabisa. Mama mmoja muuza dagaa akanichana laivu: "Mwanangu, hata sijaingia ndani unaniuliza chakula kilikuwaje?"

Toka siku hiyo namuuliza mtu akishapata alichofuata, basi. Haya yote hapa chini yametoka hapo.

Hatua ya 1: Jiulize jibu utalifanyia nini

Chukua karatasi, andika swali, pembeni andika "wakisema ndiyo nafanya hivi, wakisema hapana nafanya vile". Ukikosa cha kuandika pembeni, swali lifute. Mimi umri, jinsia, "umetujuaje", vyote vilikufa hapo, kwenye maswali kumi na mbili yakabaki mawili.

Hatua ya 2: Soma walichokwambia tayari

Kama tovuti yako ina kisanduku cha kutafuta, hifadhi maneno wanayoandika humo. Watu walikuwa wanatafuta furu kila siku na mimi sikuwa na hata mstari mmoja wa furu! Hapo sikumuuliza mtu yeyote chochote. Pitia na meseji za WhatsApp, swali likijirudia mara tatu nne ujue ukurasa wako haujajieleza.

Hatua ya 3: Swali moja, chini ya ukurasa

Hapa ndo penyewe, kwa hiyo twende taratibu. Swali langu ni "Umepata ulichokuja kutafuta?" na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Liko chini ya jedwali la bei kama sehemu ya ukurasa, halirukii mtu usoni, asiyetaka anapita zake. Akibonyeza Ndiyo anaona "Asante" na yameisha. Akibonyeza Hapana ndo kinafunguka kisanduku kimoja, "Ulikuwa unatafuta nini?", na hata asipoandika kitu ile Hapana yake inakuwa imeshaingia, usimlazimishe.

Kwa nini sio nyota tano? Kwa sababu watu wetu wana heshima, wanakupa tano ili wasikuvunje moyo, na akikupa tatu hujui kosa liko wapi. Kuna na kile kipimo cha 0 mpaka 10 cha "ungempendekezea rafiki", alichokitangaza mshauri wa biashara Fred Reichheld mwaka 2003, ambacho aliyetoa 6 anahesabiwa kuwa hajaridhika. Sasa sisi tuliosoma shule zetu hizi, 6 kati ya 10 mtu anaona amekusifia kabisa, afu wewe unamhesabu adui.

Popapu ina ubaya mwingine, Google tangu Januari 2017 inaweza kushusha kwenye matokeo ya utafutaji kurasa zinazomfunikia msomaji wa simu kile alichokifuata. Na zile za "mshike anapotaka kuondoka" zilitungwa kwa kufuata mausi ya kompyuta ikipanda juu kwenda kufunga ukurasa, kwenye simu mausi iko wapi?

Hatua ya 4: Brauza ikumbuke

Mtu akishajibu, weka tarehe kwenye localStorage (kahifadhi kadogo ndani ya simu yake) ya brauza yake na usimwonyeshe tena swali kwa siku 90. Akifuta data za brauza ataulizwa tena, sio kesi. Kodi (yale maelekezo ya kompyuta) andika mwenyewe, ni mistari michache, maana zile popapu na fomu zilizotengenezwa tayari za kubandika mara nyingi zinavuta mafaili mazito kutoka nje na bando linalokatwa ni la msomaji. Majibu yangu yanaingia Google Sheets kupitia Apps Script (sehemu ya Google ya kuandikia kodi), bure: tarehe, ukurasa, jibu.

Hatua ya 5: Mlango wa WhatsApp

Weka na linki ya wa.me, namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha, mwishoni ongeza ?text= na jina la ukurasa, ili meseji ikifika ujue anaongelea nini. Nimepata mengi kwa sauti kuliko kwa maandishi, mtu amebeba ndoo hawezi kuchapa. Ila tumia laini ya kazi, la sivyo utaulizwa bei ya sangara saa nane usiku.

Hatua ya 6: Jina na namba usiombe

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ukikusanya namba za watu una wajibu nazo. Usichonacho hakikusumbui.

Hatua ya 7: Nenda ukawaone

Wanaobonyeza ni wachache, na mara nyingi ni waliofurahi sana au waliokasirika sana, wa katikati wanakaa kimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu 5 wakitumia kitu kunaibua matatizo mengi. Nikaenda Mwaloni, nikanunua soda tano, nikawaambia "nitafutie bei ya dagaa ya leo" halafu nikafunga mdomo, na kufunga mdomo ndo kazi ngumu kuliko kodi zote. Maandishi yangu ya kijivu juani hayaonekani kabisa. Vitufe vidogo, vidole vina magamba. Na kubwa zaidi, niliandika bei kwa kilo wakati wao wanapiga hesabu kwa sado (kopo la kupimia) na gunia, mzee mmoja akatoa kalamu akaanza kuzidisha kwenye kiganja. Kwenye Hapana zote nilizokuwa nazo hakuna aliyeandika hilo.

Hatua ya 8: Wajibu, halafu liondoe swali

Ukirekebisha, sema juu ya ukurasa: "Mlitaka bei kwa sado, hizi hapa." Hapana zikipungua, swali litoe kwenye ukurasa huo, upeleke lingine penye shaka. La kwangu sasa hivi liko ukurasa mmoja tu, wa kivuko cha Kamanga cha kwenda Sengerema, na linauliza "Bado unapitia Kamanga?", maana daraja la Kigongo–Busisi, linalowavusha watu kwenda huko huko kwa barabara, limefunguliwa Juni 2025 na kwenye karatasi yangu pembeni nimeshaandika: hapana zikizidi, ukurasa naufuta.