Kuotesha nyasi kwenye marudio: ninavyozalisha fangasi wa mizizi kwenye viroba

Kona moja ya shamba letu hapa Nzega, kama robo eka, ilikuwa mahali pa kuoshea dhahabu. Marehemu mume wangu aliwakodisha wachimbaji, wakaleta karasha, wakasaga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki. Walipohama waliacha marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa. Mahindi niliyopanda pale yaliishia magotini, majani yakawa ya zambarau. Karanga nilizong'oa hazikuwa na kinundu hata kimoja mizizini, vile vivimbe wanamoishi bakteria wanaoilisha karanga.

Watu wengi hudhani vijidudu vya udongo hula sumu ikaisha. Hapana. Zebaki, risasi na aseniki haziozi. Wapo bakteria wanaogeuza zebaki kuwa mvuke, lakini hapo imehamia hewani tu. Msaada wa vijidudu ni kuuwezesha mmea uishi pale, ardhi ifunikwe, vumbi lisiingie ndani kwa watoto na mvua isikokote marudio hadi bwawani. Ndiyo maana sipandi chakula pale, na nakuomba sana nawe usipande. Mchicha na mlenda ndio wa kuogopa zaidi: majani hukusanya kadimi, metali nyingine yenye sumu, kuliko punje, na vumbi lenye risasi huyagandia. Mimi napanda vetiva, nyasi ambayo hubakiza sehemu kubwa ya madini hayo mizizini.

Fangasi wa mizizi ninaowazungumzia huingia ndani ya mzizi, kisha hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazokwenda mbali kutafuta fosforasi na maji. Mmea huwalipa kwa sukari. Sehemu ya sumu hunasa kwenye nyuzi hizo kabla haijapanda juu. Mawe yaliyotoka kusagwa hayana fangasi hawa, lazima uwapeleke.

Usiwatafute chini ya miyombo. Miti ile ina fangasi wa ukoo mwingine, wakiwemo wanaotupa uyoga wa masika, na hawakai kwenye mizizi ya nyasi. Nenda pembeni mwa marudio yenyewe, utafute nyasi zilizojiotea zikastawi, maana waliomo mizizini mwake wameshaizoea sumu. Chimba shubiri moja, chukua udongo pamoja na vimizizi vyake. Vaa glavu na buti, na ufanye hivyo udongo ukiwa na unyevu ili usivute vumbi.

Januari najaza viroba: mchanga wa mto sehemu 3, niliokwisha kuukaanga kwenye karai ukapoa, na udongo ule sehemu 1. Napanda mtama. Usitie DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi! Mmea ukishiba fosforasi hauna haja na fangasi, huwanyima sukari. Mwaka wa kwanza niliuona mtama umepauka, nikauhurumia nikatia kiganja cha DAP kila kiroba. Ulinenepa vizuri, lakini vetiva niliyoipandia udongo ule ilikauka sawa na ile isiyopata kitu.

Mei naacha kumwagilia kwa majuma mawili. Nakata mashina, nakatakata mizizi na kuichanganya na mchanga wake, kisha naihifadhi kivulini, mbali na kuku na watoto. Siipeleki shamba jingine lolote, kwa sababu ina sumu kidogo ndani yake.

Mvua za Novemba zikishika, kila shimo la vetiva hupata kiganja kimoja cha mchanganyiko ule, kigusane na mizizi ya mche, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Kuhusu chokaa na majivu, uwe mwangalifu. Huifanya risasi na kadimi zisiyeyuke kirahisi, lakini aseniki huweza kuachiwa ikayeyuka udongo ukipoteza uchachu. Pima kwanza; maabara ya GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma hupokea sampuli.

Vetiva yangu sasa ina misimu mitatu. Nimeizungushia miiba mbuzi wasiifikie, na nikiipogoa majani nayaacha palepale chini.